Ngamia Asiyepigwa Chapa

"Kitu cha bure hakitumwi kwa stempu nyingi hivi," karani wa posta alisema, akiugeuza mfuko wa khaki juu chini. "Ndani mna nini?"

"Diski," Kaaha akajibu. "Ishirini na mbili."

"Za nyimbo?"

"Za kompyuta. Ni programu."

"Na bado unaniambia ni bure."

"Ni bure, bwana karani. Walioiandika wametaka kila mtu aichukue, aisome mpaka ndani, arekebishe palipo na kosa, kisha ampe mwenzake."

Foleni iliyokuwa nyuma yake ilianza kunung'unika. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, mwaka 1998, miezi michache baada ya ile mvua kubwa iliyokata barabara zote, na posta ya Garissa ilikuwa imejaa watu wenye vumbi la zizi miguuni. Kaaha hakugeuka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, buibui lake limefunguka mbele na kuonyesha dirac, gauni jepesi la rangi ya ndimu, hina mikononi, na saa ya kiume aliyojinunulia siku alipomaliza chuo kikuu Nairobi.

"Abaayo, dada yangu," sauti ya mwanamume ikatoka nyuma yake, "hao watu waliandika hiyo kitu, walikuwa na homa?"

Kaaha akageuka sasa. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na miguuni pake, juu ya gunia, palikuwa na betri ya lori. Foleni ikisonga, aliisukuma betri kwa mguu.

"Walikuwa wazima kuliko mtu anayepanga foleni na betri."

"Basi Mungu awabe afya zaidi," kijana akasema. Ile *p* ilimteleza ikawa *b*, na yeye mwenyewe akatabasamu. "Lakini betri yangu usiitukane. Inabeba sauti za watu elfu kumi."

Karani akagonga muhuri kwa hasira. Kaaha akachukua diski zake, akatoka hadi barazani, na kwa sababu asiyoijua akasimama pale kumngoja mwenye betri.

Jina lake lilikuwa Shueb. Alikuwa mkimbizi kutoka Kismayo, na alisimamia kibanda cha taar katika kambi ya Dagahaley. Taar ni ile redio ya upepo ambayo tangu vita vianze Wasomali waliitumia kutafutana. Mtu husema kutoka Dagahaley, mwingine akajibu kutoka Mandera au Kismayo, na kila mwenye redio katikati husikia. Shueb alikuwa mjini kwa kibali cha siku tatu, kununua betri na kupiga simu moja.

"Unampigia nani?" Kaaha akauliza. Sasa walikuwa wakizungumza Kisomali, na maneno yalikwenda mbio zaidi.

"Ofisi moja Nairobi inayotafuta watu waliopotea. Namtafuta dada yangu, Sahara. Tuliachana mwaka tisini na moja barabarani, malori mawili, kila moja likashika njia yake. Fomu yao ina nafasi ya majina matatu tu. Sahara Dahir Keinan wako wangapi duniani? Sisi mtu humjui kwa majina matatu."

Hapo Kaaha akasahau jua. Msomali hujitambulisha kwa kuhesabu mababu, kumi, kumi na tano, na mtoto hufundishwa orodha hiyo kabla hajajua kuchunga mbuzi. Kwa nini kompyuta isiweze kufundishwa?

"Una daftari za majina?" akauliza.

"Magunia mawili."

"Niletee."

*

Chumba cha Kaaha kilikuwa Bula Iftin, kimepakana na duka la vitambaa la shangazi yake, Eedo Maka. Kilikuwa na kompyuta moja iliyovuliwa mfuniko ili isichemke, feni, na harufu ya uunsi, ubani wa Kisomali, iliyopenya ukutani kutoka dukani. Mchana aliwachapia watu barua. Muda uliobaki aliandika programu yake, na kwa miezi mitatu Shueb alimletea daftari kila alipopata kibali. Waendeshaji wengine wa taar nao wakatuma zao kwa malori, za Griftu, za Wajir, hata za Banissa huko mpakani.

Shueb aliketi kwenye kiti cha plastiki, akisoma majina, naye Kaaha akichapa.

"Kwa nini usiiuze?" Shueb alimuuliza siku moja, akimimina shaah, chai ya iliki, kutoka thamosi ya Eedo Maka. "Ningekuwa na akili kama yako, ningejenga ghorofa."

"Ungeijenga kwa kufunga. Programu ya kuuzwa imefungwa, Shueb. Unaiona uso, huioni ndani. Ikikosea, huwezi kuitibu, unamngoja bwana wake, na bwana wake yuko ng'ambo, hajui hata Garissa iko wapi. Ile iliyokuja kwenye diski imeandikwa na watu maelfu wasiojuana. Mmoja akikosea, mwingine husahihisha. Wanasema sisi huku tuko nyuma. Nyuma ya nini? Mambo haya bibi yangu alikuwa akiyafanya."

"Bibi yako alikuwa na kompyuta?"

"Alikuwa na ngamia, mjinga wewe. Jirani akifiwa na mifugo, si humwazima ngamia mwenye maziwa? Anakunywa, watoto wanakunywa, akishiba anampitishia mwingine. Kitu kimoja tu haruhusiwi."

"Kumpiga chapa yake."

"Umeona."

Na hivyo ndivyo alivyoandika juu kabisa ya programu, kwenye mistari ambayo kompyuta haisomi ila binadamu huisoma: *Huyu ni ngamia wa maziwa. Anayehitaji asinyimwe. Kunyweni maziwa yake, mmtibu akiugua, mmwazime mwingine. Mtu asimpige chapa.* Na programu ilipowashwa, swali la kwanza lilikuwa: *Umepotelewa na nani?*

Wa kwanza kujibu swali hilo alikuwa Shueb. Alikwisha jiandikisha mwenyewe kutoka kwenye kadi yake ya kambi. Akamtafuta dada kwa mababu kumi. Kompyuta ikavuma kidogo, ikaandika: *Hayupo.*

Shueb akazitazama zile herufi moja moja. Kisha akafunga kifuniko cha thamosi, taratibu sana. "Haya," akasema. "Twende kwa anayefuata. Huyu anatafuta mama yake."

Ni siku hiyo Kaaha alipojua kwamba anampenda.

*

Vibali vilipokosekana, walizungumza kwa taar. Kila Jumanne saa nne asubuhi Kaaha alijitanda garbasaar ya buluu na kwenda kwa Mohamedamin, mwendeshaji wa taar karibu na msikiti, ambaye alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hewani kila aliyemaliza kusema alitamka "Ova" ili mwenzake ajibu.

"Garissa, Garissa. Dagahaley hapa. Yupo macaanto, mtamu wangu? Ova."

"Shueb, watu wanasikia. Ova."

"Wasikie. Umevaa ile ya buluu? Ova."

"Sisemi. Ova."

Hapo ikaingia sauti ngeni, nzito, kutoka Griftu: "Mwambie, binti, umevaa ya buluu au siyo, kuna watu wanangoja kuuliza bei ya ng'ombe. Ova."

Mohamedamin alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kaaha akafunika uso. "Tupeleke pembeni," akamwambia. Waendeshaji walikuwa na masafa ya pembeni ya kunong'ona mambo ya siri, na kila Jumanne Kaaha alidai apelekwe huko.

"Ajabu yako," Shueb alimwambia huko pembeni. "Kompyuta zote za dunia unataka zifunguliwe matumbo. Moyo wako wewe una kufuli. Ova."

"Moyo siyo programu. Ova."

"Unaona aibu kwamba mimi ni mkimbizi? Ova."

Alichelewa kujibu. Haikuwa aibu, ila alijua Eedo Maka angesema nini, na Eedo alikuwa akisema hayo hayo kila jioni: "Msomi mzima, utaolewa chini ya turubai?"

"Betri yako inaisha," Kaaha akasema. "Ova."

*

Mwezi wa nane alikwenda kuchapa ripoti katika ofisi moja ya mjini. Mezani palikuwa na kompyuta mpya, na skrini yake iliuliza: *Umepotelewa na nani?*

Damu ikampanda. Juu ya swali palikuwa na picha ya tai, na chini yake: *Mali ya Warfa na Wana. Hairuhusiwi kunakili.* Warfa alikuwa mfanyabiashara aliyeziuzia ofisi kompyuta. Mwezi mmoja kabla alikuja Bula Iftin kutaka programu ile, na alipoambiwa achukue kwa masharti ya ngamia, akacheka akaenda zake. Kaaha akajaribu kuifungua ndani aone ile mistari yake ya juu. Haikufunguka.

Siku hizo programu ilikuwa mahali pawili tu, kwake na kwenye kompyuta ndogo ya kupakata ambayo Shueb aliiendesha kwa ile betri ya lori.

Hakungoja Jumanne. Alikwenda kwa Mohamedamin buibui likimpepea.

"Shueb, programu ulimpa Warfa? Ova."

"Nilimpa. Ova," sauti ikajibu, bila kusita hata kidogo.

Kaaha akakiweka kipaza sauti mezani. Redio ilikuwa bado ikisema, "Kaaha, kwa sababu..." lakini yeye alikwisha fika barabarani.

Jumanne ya kwanza hakwenda. Ya pili hakwenda. Lori lilileta barua, akairudisha na dereva yule yule bila kuifungua. Shueb aliomba kibali, hakupewa, na darajani kwenye mto Tana askari hawakuwa na mzaha na mtu asiye na karatasi. Eedo Maka, aliyekuwa na ulimi lakini pia macho, alianza kumwachia chakula mlangoni bila kusema lolote kuhusu turubai.

Jumanne ya tatu asubuhi Warfa mwenyewe akaja. Alivaa koti la safari na marashi mazito, akaketi kwenye kiti cha plastiki cha Shueb.

"Nataka uje Nairobi," akasema. "Ofisi, feni ya darini, dereva. Wateja wangu wanalalamika kitu hiki kinakosa kupata watu wengine ambao wapo kabisa, na vijana wangu hawajui pa kugusa. Wewe utajua."

"Adeer, mzee wangu, ukiweka wazi maandishi, hata mwalimu wa Wajir anaweza kujua pa kugusa."

"Nikiyaweka wazi nitauza nini?"

"Uza kompyuta zako. Uza kazi ya mikono yako, ya kufundisha, ya kutengeneza. Sijakukataza. Lakini umeweka kufuli kwenye majina ya watoto wa watu, ukaweka na picha ya tai juu. Mimi sikuandika vile ili mama wa kambi ya Ifo aambiwe dada yake ni mali ya Warfa na Wana. Siji Nairobi. Na kila atakayeniuliza nitampa iliyo wazi, mpaka yako ikose wa kuitazama."

Warfa akacheka, akasimama. "Wewe na yule mkimbizi wako ni sahani moja. Hakutaka hata senti. Nilimwambia tu kwamba mama yangu amepotelewa na ndugu zake, akaniambia, 'Imeandikwa anayehitaji asinyimwe.' Akaninakilia, akanipa na maji ya kunywa. Kuna mtu mjinga hivyo?"

Alipotoka, Kaaha alibaki ameshika ukingo wa meza. Mjinga alikuwepo, ndiyo, ila hakuwa Shueb. Yeye ndiye aliyeandika sheria ile. Shueb aliiamini, akaifuata neno kwa neno hata mbele ya mtu asiyempenda, na kwa hilo yeye akamhukumu kama mwizi.

"Kaaha," Eedo Maka akaita kutoka dukani. "Saa nne hii. Huendi?"

"Niende wapi, Eedo? Nitamwambia nini?"

"Mimi sijui. Najua Mohamedamin anasema mtu wako amepata wazimu. Jumanne mbili anakuja hewani kukusomea namba. Anakusomea namba tu, mwanangu, na wanaume wazima wamekaa wanasikiliza."

*

Kwa Mohamedamin watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. Walipompisha, alimsikia Shueb.

"...Garissa, kama yupo asikie, kama hayupo basi nitarudia wiki ijayo. Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na nne. Futa. Futa. Mstari wa mia mbili na kumi na tano, futa, futa. Waendeshaji, mnajua tabia yetu. Kelele ikiwa nyingi tunataja kila jina mara mbili, na makarani wengine wanaandika mara mbili. Kaaha aliiambia kompyuta, majina ya daftari za taar ukikuta mawili yamefuatana na yanafanana, ondoa moja. Ni akili nzuri. Lakini babu yangu alizaliwa baba yake akiwa kaburini, akapewa jina lake. Mimi ni wa Keinan Keinan. Wa kadi ya kambi ameachiwa Keinan wawili, wa daftari ya taar ameondolewa mmoja, na hawa wawili hawakutani mpaka kiyama. Nimeliona kosa hili kwa sababu mwenyewe aliniachia mlango wazi nikaingia na kusoma. Zilizo kwangu nimezipitisha upya, dada hayumo; daftari za Banissa ziko kwake peke yake. Ova."

Kaaha hakushika kipaza sauti. Alichukua kalamu ya Mohamedamin, akaandika kiganjani, juu ya hina, 214, 215, akakimbia. Alipita wauza maziwa na madumu yao ya manjano, akapita mwanamume aliyemsalimu, hakujibu. Chumbani aliifuta mistari ile miwili, akazipitisha daftari upya, akaandika: Sahara Dahir Keinan Keinan Abdiqani, na mababu wote waliofuata.

Feni ikageuka. Kompyuta ikavuma.

*Yupo. Banissa, daftari ya tatu. Mwaka 1997.*

Alirudi kwa taar viatu vikiwa mkononi. Watu wakapisha. Mohamedamin alipomwona akainua mkono kwenye swichi kwa mazoea. "Twende pembeni?"

"Hapana," Kaaha akasema, akihema. "Bakini hapa hapa."

Akabonyeza. "Dagahaley, Dagahaley. Garissa hapa. Kaaha ndiye anayesema. Banissa mko hewani? Ova."

"Banissa tuko, tunasikiliza shairi la namba. Ova."

"Mnamjua Sahara Dahir Keinan Keinan? Aliwapa jina lake mwaka jana. Ova."

Redio ikakwaruza kwa muda. "Sahara wa chai? Ananiletea chai hapa kila asubuhi. Kikombe chake nimekishika sasa hivi. Ngojeni. Msiondoke. Ova."

Hakuna aliyeondoka. Kisha mwanamke akasema, mbali, kama anayesomea mwalimu somo la utotoni: "Mimi ni Sahara Dahir Keinan Keinan Abdiqani..." akaendelea mpaka babu wa kumi, kila mmoja mara moja tu, na katikati ya babu wa sita sauti ya Shueb ikaungana naye, wakamaliza pamoja.

Kwa Mohamedamin wanaume walikuwa wakitazama sakafu. Eedo Maka, aliyekuwa amefuata polepole, alijipangusa machozi kwa ncha ya shash yake ya kichwani.

Kaka na dada walipewa hewa nusu saa nzima, na hata wauza ng'ombe hawakudai zamu. Walipomaliza, Shueb akaita. "Garissa. Bado yupo? Ova."

"Yupo. Shueb, sikungoja uniambie kwa nini. Warfa ameniambia yeye, kwa kukucheka. Nilikukosea, na nataka kila mwenye redio asikie kwamba nilikukosea. Ova."

"Wanasikia mpaka Kismayo. Hutaki twende pembeni? Ova."

"Sitaki. Uliniuliza kama naona aibu kwamba wewe ni mkimbizi. Nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kosa langu kubwa kuliko la mstari wa mia mbili na kumi na nne. Jibu ni hapana. Nimevaa ya buluu. Tuma wazee wako waje kwetu kuniposa. Ova."

Watu wakapiga kelele barabarani. Shueb akasema kwa sauti ndogo, "Macaanto, wazee wangu wamezikwa Kismayo. Na mimi darajani sipiti. Ova."

Hapo ikaingia ile sauti nzito ya Griftu. "Kijana, mimi nina mvi za kutosha na nina karatasi. Alhamisi lori langu linakuja Garissa. Nitakuposea mimi, na ngamia wa maziwa nitamleta. Baba yake binti anaitwa nani? Ova."

"Baba yake ni marehemu," Eedo Maka akasema, akimnyang'anya Kaaha kipaza sauti, akikishika kama mwiko wa ugali. "Mimi ndiye shangazi. Njoo Alhamisi kabla ya adhuhuri, mzee, na usichelewe. Na wewe wa Dagahaley, hilo turubai lako lina nafasi ya kompyuta?"

Hakujua kwamba lazima aachie kitufe ili ajibiwe. Mohamedamin akamwachisha kidole chake polepole.

Jioni ile, kabla hajapeleka nakala mpya kwenye lori la Dagahaley, na nyingine za kila mwendeshaji aliyeomba, Kaaha alifungua mistari ya juu ya programu. Chini ya *Mtu asimpige chapa* akaongeza mmoja: *Aliugua, akatibiwa na Shueb Dahir Keinan Keinan.* Akalisoma jina lile, akahakikisha Keinan wako wawili, akaliacha wazi palepale.